Chenso haina oili ya kumwaga

"Fundi, oili ya chenso inamwagwa baada ya muda gani?" Kwenye meza yangu ya ufundi hapa Mafinga hakuna swali linaloulizwa sana kama hili, na wanaouliza si wazembe. Mzembe haulizi, anakuja siku mashine imeshanoki. Anayeuliza ni mtu aliyenunua chenso, msumeno wa injini wa kukatia miti, kwa fedha ya mbao zake au kwa mkopo wa kikundi, anataka imrudishie hela, na anajua kwamba chombo chochote cha moto kinaishi kwa oili. Namjibu kwamba chenso haina oili ya kumwaga. Hapo hunitazama usoni aone kama namtania.

Ana haki ya kushangaa. Mjini hapa karibu kila nyumba ina pikipiki, na kijana wa bodaboda akisahau kumwaga oili anajua kinachomsubiri. Jenereta ni hivyo hivyo, na pampu ya kumwagilia pia. Zile injini ndogo za Honda za GX zilizojaa kwenye pampu na jenereta, kitabu chake kinasema oili ya kwanza imwagwe baada ya mwezi 1 au saa 20 za kazi, halafu kila miezi 6 au saa 100. Mashine za dingdong zinazochana mbao huku msituni nazo zinaendeshwa na injini za dizeli zenye oili yake chini, inayomwagwa na kuwekwa nyingine. Mtu aliyekulia katikati ya vyombo hivyo akinunua chenso anaigeuzageuza, anatafuta nati ya kutolea oili, haioni. Wengine hudhani imefichwa. Kuna mmoja aliniletea chenso yake akiwa tayari amelegeza skrubu ya kurekebisha pampu ya oili ya cheni, akisubiri oili chafu idondoke.

Injini ya chenso ni ya mipigo miwili, tu-stroki kama tunavyoiita gereji. Chini ya pistoni, mahali ambapo pikipiki ina sampu iliyojaa oili, chenso ina nafasi tupu. Nafasi hiyo ina kazi nyingine kabisa: mchanganyiko wa petroli na hewa unapita humo kwanza, unazungukia shafti na beringi zake, ndipo unasukumwa juu kwenda kuchomwa. Petroli hiyo ikiwa na oili ndani yake, matone madogo madogo yanabaki kwenye beringi, kwenye pini ya pistoni na kwenye kuta za silinda. Yanafanya kazi kwa muda mfupi tu, kisha yanaungua pamoja na petroli na kutokea kwenye ekzosti yakiwa moshi. Oili iliyolainisha pistoni sasa hivi haipo tena baada ya muda kidogo. Nyingine inatoka kwenye tanki, ikiwa huko kwenye tanki ipo.

Walioiunda hivyo walikuwa na sababu. Mkata miti hashiki chenso wima siku nzima. Akiangusha mti anailaza ubavu, akikata matawi anaigeuza, wakati mwingine anakata kuanzia chini kwenda juu. Injini yenye sampu ya kawaida ingelazwa hivyo, oili ingekimbilia upande mmoja na pistoni ingebaki kavu. Na kuna suala la uzito: ukishabeba mashine kupanda miteremko ya Mufindi kutwa nzima, kila kilo iliyopunguzwa unaishukuru.

Kwa hiyo kila unapojaza tanki umefanya servisi ya oili, au umeikosa. Hakuna tarehe ya kusubiri, hakuna saa 100. Na chenso nyingi za siku hizi zikivutwa mafuta yote zinafika mizunguko 12,000 kwa dakika na kuzidi, maana yake pistoni inapanda na kushuka mara 200 kila sekunde. Tanki moja lililojazwa petroli tupu halihitaji kumalizika. Mashine itakufa kabla.

Wazee waliowahi kumiliki Vespa wananielewa haraka kuliko vijana. Enzi zao ulikuwa unaingia kituoni, unatiliwa petroli na oili humo humo, unatikisa, unaondoka. Vijana waliozaliwa kwenye pikipiki za mipigo minne hawajawahi kuona mtu anamimina oili kwenye tanki la petroli, na ukimwambia afanye hivyo anaona unataka kumharibia chombo.

Sasa, kipimo. Kwa oili nzuri ya 2T, yaani ya injini za mipigo miwili, iliyotengenezwa kwa injini zinazopozwa na hewa, watengenezaji wakubwa kama Stihl na Husqvarna wanaelekeza sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli wakiwa na maana ya oili zao wenyewe. Ukitumia oili nyingine ya kawaida wanakutaka uongeze: Husqvarna wanasema 1 kwa 33, Stihl wanasema 1 kwa 25. Soma kitabu cha mashine yako, kwa sababu hapo ndipo ubishi wa gereji unapoishia. Hesabu yenyewe si ngumu. Moja kwa hamsini ni mililita 20 kwa kila lita ya petroli, mililita 100 kwa kidumu cha lita 5. Moja kwa ishirini na tano ni mara mbili ya hapo.

Tatizo ni chombo cha kupimia. Porini watu wanapima kwa kifuniko cha chupa, kwa kukadiria kwa macho, au kwa ile "weka mpaka petroli ibadilike rangi". Vifuniko havilingani. Ninachowashauri wateja wangu ni bomba la sindano la mililita 20, lile linalouzwa duka la dawa za mifugo kwa bei ya kutupa. Bomba moja, lita moja. Hata msaidizi asiyependa hesabu hakosei, na likichakaa unanunua jingine. Unatia nusu ya petroli kwenye kidumu, unaweka oili, unatikisa, unamalizia petroli iliyobaki, unatikisa tena. Na kila unapotaka kujaza tanki, tikisa kidumu kwanza.

Ile rangi ya oili ya 2T, buluu au kijani au nyekundu, haikuwekwa kwa urembo. Imewekwa ili ukitazama kidumu ujue kama petroli hiyo imeshachanganywa. Petroli iliyochanganywa na isiyochanganywa zikikaa kwenye vidumu viwili vya aina moja, siku moja zitabadilishana, tena siku ya haraka. Mteja wangu mmoja wa Nyololo amefunga kitambaa chekundu kwenye mpini wa kidumu cha chenso, na cha pikipiki hakina kitu. Kila anayekwenda shambani kwake anaambiwa hilo kabla hajaonyeshwa mahali pa kulala.

Aina ya oili nayo ina mambo yake. Chupa ya 2T nzuri imeandikwa JASO na herufi mbili: FB, FC au FD. Huo ni mfumo wa viwango wa Kijapani, na kadiri herufi ya pili inavyosonga mbele ndivyo oili inavyoacha masizi kidogo. Ukiona chupa imeandikwa TC-W3, hiyo ni ya injini za boti. Huku kwetu inaingia kwa mlango wa Kyela, kwa sababu wavuvi wa Matema na Itungi wanaitumia kwenye mashine zao za Ziwa Nyasa, na ndugu akipanda kuja huku anambebea mwenzake chupa kwa nia njema. Injini ya boti inapozwa na maji ya ziwa. Chenso inapozwa na upepo wa feni yake tu, inachemka zaidi, na oili ile haikutengenezwa kwa joto hilo. Oili ya injini ya gari, ile ya namba 40, ndiyo mbaya kuliko zote. Haichanganyiki vizuri na petroli, na viambato vyake havikukusudiwa kuchomwa, vinaacha majivu magumu juu ya pistoni na kwenye plagi.

Wapo wanaosema basi tuzidishe, oili haijawahi kuua mashine. Inaua, ila polepole. Oili ikizidi, plagi inalowa na kuzima moto, masizi yanaganda kwenye tundu la ekzosti na kwenye kile kichungio chake cha waya, nguvu inapungua, opereta anadhani mashine imezeeka. Kuna na jingine ambalo wengi hawaliamini mpaka niwachoree kwenye kikaratasi: tundu la kabureta linapitisha kiasi kile kile cha mchanganyiko, kwa hiyo oili ikiongezeka, petroli inayopita imepungua. Mchanganyiko unakuwa na petroli kidogo kuliko hewa inavyotaka, na injini inapata joto zaidi. Umemwaga oili nyingi ili isichemke, na imechemka kwa sababu hiyo hiyo.

Wanaozidisha ni wachache. Wanaopunguza ndio wanaonijazia meza, na nimegundua kwamba wengi hawapunguzi kwa ubahili. Wanapunguza kwa sababu ya moshi. Kwenye pikipiki au gari, moshi wa buluu ni habari mbaya: ringi zimekwisha, injini inakula oili. Mtu analeta akili hiyo kwenye chenso. Anaona moshi mwepesi, anasema oili imezidi, anapunguza leo, anapunguza kesho, moshi unakwisha, anafurahi. Chenso ya mipigo miwili inatakiwa kula oili. Moshi mwepesi ikiwa ndiyo kwanza inawaka ni dalili kwamba inalishwa.

Mzee mmoja kutoka Igowole aliniletea yake ikiwa ndani ya kiroba, imefungwa kamba kama mgonjwa wa machela. Tuliamkiana, "Kamwene, baba," "Kamwene, mwanangu," akakaa kwenye benchi na kuniambia imegoma tu ghafla, jana ilikuwa nzima. Nilivuta kamba ya kuwashia, haikusogea. Chenso ikiwa hivyo sifungui silinda kwanza. Nafungua boliti za ekzosti kwa spana ya T, naitoa ekzosti nzima, namulika kwa tochi ya simu kwenye lile tundu. Kutokea hapo unaiona pistoni ubavuni bila kubomoa kitu. Pistoni nzima inang'aa kijivu, laini, na mistari yake midogo ya kiwandani inayolala bado unaiona. Ya mzee ilikuwa na michirizi ya kusimama, minene, kutoka juu hadi chini, na ringi ilikuwa imesagikia kwenye mfereji wake ikashikana na aluminiamu. Nikamwita aangalie mwenyewe. Aliweka jicho kwenye tundu, akakaa kimya, akauliza, "Hiyo ni mikwaruzo ya nini?"

"Ya ukavu, baba."

Tulipoitoa silinda, michirizi ilikuwa imezunguka pistoni pande zote. Hilo nalo linasomeka. Michirizi ikiwa upande wa ekzosti peke yake, mara nyingi ni joto: kabureta imebana petroli au kuna hewa inavujia ndani. Ikizunguka pande zote, na hasa ikiwa beringi nazo zimekauka, kuna mtu amejaza petroli yenye oili pungufu au isiyo na oili kabisa. Mzee akasema kijana wake alikuwa akilalamika moshi unamwingia machoni. Silinda na pistoni mpya vilimgharimu kuliko oili ambayo mashine ile ingeila kwa misimu mingi.

Huku juu tuna jambo letu la ziada ambalo mafundi wa Dar es Salaam hawalijui. Mafinga iko kwenye mita 1,900 hivi kutoka usawa wa bahari, Njombe hivyo hivyo, Makete zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 20 ukilinganisha na ya pwani. Chenso iliyorekebishwa kabureta Kariakoo ikifika hapa inapata petroli nyingi kuliko hewa yake, inakuwa nzito, inatoa moshi, inakosa kasi. Fundi wa hapa anabana skrubu ya kabureta, inaamka, kila mtu anapiga makofi. Mpaka hapo sawa. Sasa mashine hiyo hiyo mwenye nayo anaipakia kwenda Kilombero kukata mitiki, kwenye mita 300 hivi. Hewa ya kule ni nzito, petroli imebanwa kwa kipimo cha Mafinga, na kwa kuwa oili inasafiri ndani ya petroli, petroli ikipungua oili nayo imepungua. Joto la bonde linamalizia. Naona mashine zinazorudi kutoka kule zikiwa zimekwangua pistoni ilhali kidumu kilichanganywa vizuri kabisa, na opereta anaapa, na anasema kweli. Baadhi ya chenso mpya zinajirekebisha zenyewe kwa kompyuta ndogo inayoongoza kabureta. Zile zenye skrubu, ukishuka mlima fungua, ukipanda bana, na kama huwezi mwachie anayeweza.

Petroli iliyochanganywa isilale muda mrefu. Mwezi mmoja unatosha, baada ya hapo inaanza kupoteza nguvu zake za kuwaka. Masika yakianza na barabara za msituni zikifunga, usiache chenso imejaa tanki stoo. Toa mafuta, iwashe mpaka ijizimie yenyewe, ndipo uihifadhi. Hilo ni fupi na sina la kuongeza.

Nimeongea oili ya injini tu mpaka sasa, na chenso ina tanki la pili. Hili ndilo linaloniumiza kichwa zaidi.

Tanki la pili ni la oili ya cheni. Cheni inazunguka ukingoni mwa ule ubapa mrefu kwa kasi inayofika mita 20 kwa sekunde, chuma juu ya chuma, na katikati yake kuna vumbi la mbao na utomvu wa msonobari. Pampu ndogo iliyo karibu na klachi inasukuma oili kupitia kitundu cha ubapa, inaingia kwenye mfereji, cheni inaibeba mpaka ncha na kurudi. Halafu inamwagika. Yote. Hakuna hata tone linalorudi kwenye tanki. Hapa napo hakuna cha kubadilisha, kuna kujaza tu: kila ukijaza petroli, unajaza na oili ya cheni. Matanki yamepimwa ili petroli iishe kwanza, oili ikiwa bado imebaki kidogo. Ukikuta petroli imeisha na oili iko vile vile, usishangilie kwamba inatumia kidogo. Pampu haivuti, au kitundu kimeziba kwa vumbi na utomvu.

Kujua kama inafika, elekeza ncha ya ubapa kwenye kisiki kilichokatwa karibuni, kile chenye uso mweupe, iwe juu yake kama upana wa kiganja bila kugusa, kisha vuta mafuta kwa sekunde chache. Ukiona mstari wa matone juu ya kisiki, endelea na kazi. Usipouona, zima. Ubapa uliokosa oili unajionyesha: unageuka rangi ya buluu karibu na ncha, kingo zake zinapanuka na kuota makali, cheni inakaza ikiwa ya moto, mbao inaungua na kutoa moshi pale pale inapokatwa. Na mtu anayekata kwa cheni kavu anasukuma kwa nguvu za mwili, ndipo ajali za mguu zinapotokea.

Oili ya cheni yenyewe ina ute. Ichukue kati ya kidole gumba na cha shahada, tenganisha vidole, inavutika nyuzi. Ute huo ndio unaoifanya ing'ang'anie cheni pale inapozunguka kwenye ncha badala ya kurushwa yote. Asubuhi za Juni na Julai, Makete na Njombe kukiwa na sakitu, ute huo unakuwa mzito mpaka pampu inashindwa kuuvuta. Lala na mashine ndani ya nyumba, au ianike juani kwanza. Usiisogeze kwenye moto wa kambi. Nimeona watu wakiisogeza.

Sasa msitu mzima huu, kuanzia mashamba ya Sao Hill mpaka miti ya watu binafsi huko vijijini, tanki hilo la pili linajazwa kitu gani? Oili chafu. Ile iliyomwagwa kwenye malori pale barabara kuu ya Tunduma, nyeusi, inauzwa kwa kidumu au inatolewa bure. Nimebishana na watu juu yake mpaka nimezoea hoja zao, na nakiri hoja yao ya bei ina nguvu. Tanki la oili ya cheni huwa na ujazo wa karibu nusu ya tanki la petroli. Ukichoma petroli lita 50, umetumia lita 1 ya 2T, na umemwaga oili ya cheni lita 20 hivi. Kwa hiyo gharama kubwa ya oili kwenye chenso haiko kwenye injini, iko kwenye cheni, na hapo ndipo mtu anapotafuta nafuu. Namwelewa.

Ila nafuu hiyo naiona ikirudi mezani. Oili chafu imebeba unga wa chuma kutoka injini ya lori, na unga huo unapita kwenye pampu ya chenso ambayo ni ndogo kuliko kidole changu. Kichungio ndani ya tanki kinaziba tope jeusi. Haina ute, inarushwa na cheni ikifika nchani, nusu inaishia kwenye suruali ya opereta. Na suruali hiyo ndiyo inayonitisha. Oili iliyotumika ina mabaki ya kuungua ambayo wataalamu wa afya wanayahusisha na saratani ya ngozi. Kijana anashinda nayo mapajani na mikononi, msimu baada ya msimu, anakula ugali kwa mkono ule ule, kisha anarudi nyumbani na nguo zinafuliwa pamoja na za watoto.

Kilichobaki kinaingia ardhini. Lita 20 kwa kila lita 50 za petroli, zidisha kwa chenso zote zinazonguruma kati ya Mafinga na Mgololo kiangazi kimoja. Chemchemi za Ruaha Mdogo zinaanzia vilima hivi hivi vya Mufindi, maji hayo yanateremka mpaka Iringa mjini. Tunakataza watu kulima kwenye vyanzo vya maji, na ni sawa, lakini sijasikia mkutano wa kijiji ulioulizia kilichomo kwenye tanki la pili la chenso.

Mbadala upo, na hauhitaji meli kutoka Ulaya. Huko Ulaya wakata miti wengi wanatumia oili za cheni zilizotengenezwa kwa mafuta ya mimea, hasa ya rapa. Sisi tuna alizeti, tunaikamua wenyewe. Mafuta ya alizeti yanalainisha cheni vizuri, yanaoza ardhini, na yakikurukia mkononi hayana neno. Yana kasoro mbili. Moja ni bei, maana ni chakula, na mtu atakuuliza kwa nini unamwaga mboga kwenye mti. Ya pili ni ya kifundi: yakikaa bila kutumika yanakauka na kugeuka gundi, cheni inashikana na ubapa, pampu inaziba. Anayekata kila siku hatapata shida hiyo. Anayekata Jumamosi moja kwa mwezi, amalizie siku kwa kutia oili ya cheni ya kawaida kidogo na kuizungusha ili gundi isipate nafasi. Kwa anayekata karibu na chemchemi au kwenye bustani za chai, mimi ningesema gharama hiyo aibebe. Kwa wengine, oili mpya ya cheni ya bei ya chini kabisa dukani bado ni bora kuliko oili chafu.

Lakini ushauri huu wote nimeuona ukigonga mwamba mahali pamoja, na mahali hapo hapana uhusiano na ufundi. Ni mapatano. Huku chenso nyingi haziendeshwi na wenye nazo. Mwenye mashine yuko Mafinga au Makambako, ana duka, ana kazi ya ofisi. Opereta yuko msituni, analipwa kwa gogo au kwa mti, na mapatano ya kawaida yanasema petroli na oili ni juu ya opereta. Fikiria hapo. Pistoni ikinoki, hasara ni ya tajiri. Oili ikinunuliwa, gharama ni ya kijana. Umempa mtu mashine na sababu ya kuinyima oili kwa wakati mmoja, kisha unamwita mwizi ikiharibika. Mimi namtetea opereta kwenye hili, na matajiri kadhaa hawajapenda nikisema.

Wanaonisikiliza nawaambia wageuze: petroli iwe juu ya opereta, kwa sababu hiyo hawezi kuikwepa, bila petroli hakati. Oili zote mbili ziwe juu ya mwenye mashine, apeleke mwenyewe, chupa zikiwa zimefungwa. Hoja inayofuata huwa ile ile: "Fundi, ataiuza." Labda. Lakini oili ina hesabu yake. Chupa ya 2T ya lita moja inakwenda na petroli lita 50 kwa kipimo cha moja kwa hamsini. Kijana akikuambia amechoma petroli lita 50 na chupa imeisha, mko sawa. Akisema amechoma lita 50 na chupa ina nusu, mashine imelishwa nusu, mfungue ekzosti mkamulike kabla hamjakata mti mwingine. Na chupa ikiisha kwenye lita 30, ama anazidisha ama anauza. Plagi itakuambia ni lipi: ifungue, ukiikuta imelowa na ina masizi meusi, alikuwa anazidisha, mpe bomba la sindano. Ukiikuta rangi ya kahawia, kavu na safi, oili ilikwenda kwingine, na hapo mnaanza mazungumzo mengine.